Picha Iliyoulizwa Bei

Amira alimwambia mama yake kwamba anakwenda Maisaka kumjulia hali Kandida, rafiki yake aliyejifungua, na kabla hajamaliza kusema alijua uongo ule haukupita. Mama Shomari alikuwa ameketi kitandani akikunja nguo zilizotoka kuanuliwa. Alikunja shuka, akakunja kanzu ya mumewe na kuilaza juu ya shuka, kisha akasema taratibu kwamba Maisaka ni kuzuri, ila siku hizi anaona njia ya Maisaka imehamishiwa uwanja wa maonyesho.

Amira alibaki amesimama mlangoni. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na mitatu, mrefu kama baba yake, mwenye macho makubwa ambayo tangu utotoni watu walimwambia hayajui kuficha kitu. Alitamani mama yake amfokee, apate naye sababu ya kukasirika. Mama hakufoka. Alimwambia tu awahi kurudi, kwa sababu watu wa Kondoa wametuma salamu tena, na safari hii baba yake anataka kuwapa jibu.

Watu wa Kondoa maana yake ilikuwa Twalha, kijana aliyekuwa anamposa, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mpole, mwenye kusali swala tano, ambaye hakuwa na kosa lolote isipokuwa moja. Hakuwa Theophil.

Amira alijitanda mtandio, akatoka.

Upepo ulikuwa unashuka kutoka Mlima Kwaraa na kusukuma vumbi katika mitaa ya Bagara. Usiku uliopita mvua ilikuwa imenyesha kwa hasira, mvua isiyo ya majira, lakini jua la asubuhi lilikuwa limeshaikausha ardhi na vumbi likarudi kazini. Amira alitembea akiwa ameinamisha kichwa. Hakuwaza vumbi. Aliwaza mvua ile imefanya nini katika banda la Theophil, maana banda lenyewe lilikuwa miti minne na turubai lililoazimwa.

Mwaka ule Manyara ilipotangazwa kuwa mkoa na Babati ikapewa makao makuu, kila mtu alikuja na ndoto yake. Wako waliokuja na mabati, wako waliokuja na nyumba za wageni, na Theophil alishuka kutoka milimani upande wa Mbulu akiwa na brashi zake ndani ya mkebe wa maziwa ya watoto. Wazazi wake walikuwa wakulima, Wakatoliki wa kuanzia kwa babu, watu wa ngano na maharage. Aliingia dukani kwa Mzee Hamdani, baba yake Amira, akaomba kitambaa cheupe cha marekani, kile kizito. Amira akamuuliza anataka kushona nini. Theophil akajibu kwamba hashoni, anachora, na kwamba kitambaa kile ndicho kinachovumilia rangi. Kisha akamweleza bila kuulizwa kuwa mkoa mpya una ofisi mpya, na ofisi mpya zina kuta mpya, na ukuta mtupu lazima mwishowe utake picha.

Alisema vile kwa imani kiasi kwamba Amira alimpimia kitambaa kikazidi mkono mzima, na hakugundua mpaka kijana alipokwisha kwenda zake.

Mwanzoni ilionekana kama alisema kweli. Katika maonyesho ya kwanza, mkuu wa ofisi moja alisimama mbele ya picha kubwa ya ziwa na viboko wake, akaizunguka kwa macho, akaamuru ipakiwe kwenye gari. Wiki ileile Wazungu wawili ambao gari lao liliharibika njiani walinunua picha zote ndogo zilizokuwa kwenye kamba. Theophil alikuja dukani siku ile akitembea kama mtu aliyepewa shamba. Alinunua robota zima la marekani, na alipokuwa akilipokea, vidole vyake vikakaa juu ya vidole vya Amira muda mrefu kidogo kuliko inavyoruhusiwa. Alimwambia kwa sauti ya chini kwamba mambo yakiendelea hivi, atawatafuta wazee waje kumsalimia Mzee Hamdani.

Hayakuendelea. Wakubwa wa ofisi waliishia kutundika kalenda. Magari ya Wazungu yaliacha kuharibikia Babati. Theophil alikwenda na maonyesho kila yalipoitishwa, yawe ya wakulima, ya wajasiriamali au ya akina mama, akafunga turubai, akatundika milima yake, na watu wakapita wakisifu kwamba huyu bwana ana mkono, kisha wakaenda banda la pili kununua asali. Wengine walimletea picha za pasipoti wamchoree marehemu. Mwenye saluni alimtaka amchoree mwanamke mwenye nywele ndefu mlangoni, naye akachora, kwa sababu mtu hula. Kuna siku bwana mmoja alinunua picha ya machweo yenye fremu na kioo, Theophil akafurahi mpaka akasahau kufunga mkebe wa rangi. Yule bwana akamwomba koleo, akaing'oa picha palepale, akamrudishia. Alikuwa anataka fremu. Ilikuwa ya picha yake ya harusi.

Theophil alimsimulia Amira kisa kile huku akicheka, na Amira akacheka naye. Alipofika nyumbani, alifunga mlango wa chumba chake akalia.

Katika miezi hiyo mibaya ndipo alipomchora Amira. Hakumweka aketi, kwani wangekaa wapi? Alimchora kwa kumbukumbu, kipande kwa kipande, kila alipotoka dukani. Kisha akamwonyesha. Yule msichana kwenye kitambaa alikuwa ametazama pembeni kidogo, mtandio umeteleza begani, na machoni mwake mlikuwa na jambo ambalo Amira alidhani hakuna mtu duniani aliyeliona. Hakuweza kuipeleka nyumbani, nyumba ya Mzee Hamdani haikuwa na picha ya kiumbe ukutani. Alimrudishia Theophil amtunzie. Akamwomba jambo moja tu, asiionyeshe kwa mtu. Theophil akaahidi.

Hayo ndiyo aliyokuwa akiyawaza alipoingia geti la uwanja, akapita mabanda ya mbegu na majiko, akakunja kona, na akajiona mwenyewe.

Alikuwa ametundikwa mbele kabisa, katikati ya ubao, katika jua kali. Watu saba au wanane walikuwa wamesimama wakimtazama. Mmoja alikuwa anakula muwa.

Amira alizunguka nyuma ya banda. Theophil alimwona, na uso wake ukafanya mambo mawili kwa pamoja, ukachangamka na ukaogopa.

"Theo, ishushe."

"Mvua iliingia kwenye sanduku," alisema. "Zote zililowa. Niliitoa ikauke."

"Imekauka. Ishushe."

Theophil aliitazama picha, akawatazama wale watu. Alikuwa amekonda tangu walipoonana mara ya mwisho, na shati lake lilikuwa na tope hadi kifuani. Chini ya ubao, zimeegemezwa, zilikuwepo picha zilizoharibika, milima iliyochuruzika rangi ikawa kama uji. Amira aliziona, huruma ikamshika, akailazimisha irudi nyuma.

"Nilisema nitaishusha saa nne," Theophil alisema. "Watu wakaanza kusimama. Amira, tangu maonyesho yafunguliwe hakuna mtu aliyesimama hapa. Nikasema basi, ifike saa sita."

"Uliniahidi."

"Niliahidi."

"Na sasa saa ngapi?"

Theophil alivuta kigoda ili apande kuishusha, na mkono wake ulikuwa umeshaigusa kamba pale Brightness, msichana aliyekuwa akiuza batiki katika banda la jirani, alipochomoza kichwa akamshika Amira mkono.

"Dada, mzee wako yuko getini. Anakuja huku."

Hakukuwa na njia ya kutoka. Brightness alimvuta ndani ya banda lake na kumsimamisha nyuma ya batiki zilizoning'inia, na kwenye upenyo kati ya kitambaa na kitambaa Amira akamwona baba yake akija. Hakuwa na haraka. Alikuwa amevaa koti juu ya kanzu, kama anavyovaa akienda kwenye shughuli za watu. Mtu alikuwa amempelekea habari dukani, hilo lilionekana, kwa sababu hakutazama mabanda ya kushoto wala ya kulia.

"Shikamoo, mzee," Theophil alisema, akishuka kutoka kwenye kigoda.

"Marahaba, kijana. Habari za biashara?"

"Tunajitahidi."

Mzee Hamdani aliitikia kwa kichwa. Alianza na picha za milima, moja baada ya moja, akiipa kila moja nafasi yake kama anavyokagua nguo robota linapofunguliwa. Aliinama akazitazama hata zile zilizoharibika. Kisha akasimama mbele ya binti yake. Nyuma yake mwanamke mmoja alimnong'oneza mwenzake akimuuliza huyu si yule wa duka la nguo, na mwenzake akasema wanafanana, lakini haiwezekani, watu wale ni watu wa dini.

"Hii nayo inauzwa?" Mzee Hamdani aliuliza.

Nyuma ya batiki Amira alishika kitambaa kwa mikono miwili. Sema haiuzwi, alimwambia kimoyomoyo. Sema neno hilo moja. Aliona watu wakisogea ili wasikie.

"Inauzwa, mzee," Theophil alisema.

Mzee akauliza bei, Theophil akaitaja, na Amira akafumba macho. Baba yake alikuwa mtu ambaye Babati nzima ilimjua kwa kupatana bei. Angeweza kusimama jua zima kwa ajili ya kifungo cha shati. Alipofumbua macho, alimwona akitoa pochi ndani ya koti na kulipa kile alichotajiwa, bila kupunguza, bila neno.

"Nifungie."

Theophil aliishusha. Alitafuta gazeti, akaifunga vibaya, akaifungua, akaifunga upya. Mzee Hamdani alimsubiri kwa subira yote, na alipokabidhiwa aliikumbatia ubavuni, akasogea karibu, akasema kwa sauti ambayo haikukusudiwa kusikika zaidi ya hapo. Amira alikuwa karibu kuliko wote, akaisikia.

"Una mkono mzuri. Hasa macho umeyapata. Mtu hawezi kuyachora macho hivyo bila kuyatazama kwa muda mrefu sana." Akaikaza picha ubavuni. "Basi, mwanangu, usiyatazame tena."

Akaondoka kama alivyokuja, na watu wakampisha.

Amira alitoka kwa upande wa nyuma. Theophil alimwita mara moja, kwa sauti ndogo, naye hakugeuka.

Nyumbani alisubiri radi, na radi haikupiga. Baba yake alikuja, akatawadha, akasali, akala. Alimuuliza kama mzigo wa vitenge umeshapangwa, Amira akajibu kwamba bado kidogo. Jioni ile habari za Kondoa hazikutajwa kabisa. Kabla ya kwenda kulala alimpa funguo za duka, kama alivyozoea kumpa, akamwambia kesho afungue yeye, kwani miguu inamsumbua.

Kipigo kingekuwa chepesi kuliko zile funguo. Amira alizipokea kwa mikono yote miwili, akashindwa kumtazama.

Mama ndiye aliyesema, walipobaki wawili wakiosha vyombo. Alimwambia picha iko juu ya kabati, imefungwa vilevile na gazeti lake. Alikuwa amemshauri mumewe aichome jikoni yaishe, maana picha ya mtu ndani ya nyumba si jambo jema na picha ile ni aibu juu ya hapo.

"Akasemaje?" Amira aliuliza.

"Akasema hawezi kuuchoma uso wa mwanawe." Mama aliendelea kusugua sufuria ambayo ilikuwa imeshatakata. "Sijawahi kumwona vile, Amira. Alikaa ukingoni mwa kitanda na viatu vyake miguuni. Akaniuliza kama na mimi huwa naona ile huzuni. Nikamuuliza huzuni gani. Akasema ile iliyo machoni. Akasema mtu wa nje ameiona, na yeye anayekula nawe kila siku hajaiona."

Amira alikausha sahani moja mpaka ikalia mikononi mwake.

Kesho yake alifungua duka kama alivyoagizwa, akauza, akapima, akafunga vifurushi. Ilipokaribia adhuhuri Brightness alipita na mzigo wake wa batiki kichwani, maonyesho yamefungwa, akasimama kama anayetazama vitenge. Alisema bila kumtazama kwamba Theo anapakia vitu, kuna gari linapanda Mbulu mchana huu, na kwamba yeye hasemi kitu, anapita tu. Amira alimwomba jirani wa duka la viatu amwangalizie mlango. Hakutafuta uongo safari hii. Alisema anakwenda uwanjani na atarudi.

Mabanda mengi yalikuwa yameshabomolewa. Uwanja ulibaki na mashimo ya miti na maganda ya miwa. Theophil alikuwa peke yake kando ya pikapu kuukuu, akifunga ubao wake kwa kamba. Dereva alikuwa amekwenda kula. Alipomwona Amira aliiacha kamba, ikateleza, ubao ukalala upande.

Walisalimiana kama watu wasiojuana vizuri. Theophil alimwambia anarudi nyumbani. Mama yake alikuwa ametuma ujumbe mara mbili kwamba maharage yanapukutikia shambani na mwenye mikono yuko mjini anachezea rangi. Amira aliuliza atarudi lini. Alisema hajui, na kwa namna alivyosema, wote wawili walielewa kwamba anajua.

"Ungesema haiuzwi," Amira alisema.

"Ningesema haiuzwi, wale watu wote wangejua kwa nini." Sauti yake ilikuwa imechoka. "Mtu anayeuza picha hana picha isiyouzwa, ila ya mtu wake. Ningekuvua mtandio mbele ya uwanja mzima, na baba yako amesimama pale. Niliona bora uwe picha tu. Msichana yeyote."

"Ningependa wajue."

Theophil alimtazama.

"Ningependa wajue, Theo. Miaka yote hii nimekuwa nikienda kuwatazama wagonjwa ambao hawapo. Jana nilipokuwa nyuma ya zile batiki nilikuwa nimeamua. Ungetamka neno lile, ningetoka nikasimama kando yako, baba aone, na watu waone. Nilikuwa tayari kabisa. Hata kiatu nilikuwa nimekivaa vizuri."

Theophil aliketi kwenye ukingo wa pikapu, akaiweka mikono yake katikati ya magoti. Kucha zake zilikuwa na rangi ya kijani isiyotoka.

"Kuna jambo jingine," alisema. "Ningeweza kukuacha uondoke na lile la kwanza, ni zuri zaidi. Baba yako alipouliza kama inauzwa, nilifurahi."

"Ulifurahi."

"Kabla sijakumbuka kwamba ni wewe. Kabla sijakumbuka kwamba ni baba yako. Nilisikia mtu ameuliza kama inauzwa, na moyo ukaruka. Kufumba na kufumbua tu. Halafu ndiyo nikafikiria heshima yako, na watu, na yote niliyokwambia sasa hivi, na yote ni kweli. Lakini yalikuja ya pili."

Upepo ulipita kati yao. Amira aliutazama uso ule alioupenda, mashavu yaliyoingia ndani, ndevu zilizoachwa, na akatafuta hasira moyoni mwake akaikosa. Alikuta huruma, na chini ya huruma alikuta mapenzi yapo palepale, hayajasogea hata kidogo. Hilo ndilo lililomtisha.

"Nitamsamehe huyo aliyefurahi," alisema. "Nimeshamsamehe. Njaa haimuulizi mtu. Nichukue twende, Theo. Gari hili lina nafasi."

"Twende wapi?"

"Kwenu. Nitavuna maharage. Nitajifunza."

"Mama yangu atakupa chakula na mahali pa kulala," Theophil alisema taratibu. "Hatakuita Amira. Atataka kwanza ubatizwe, upewe jina lingine, ndipo akuite. Na baba yako hatakuita tena kabisa. Nimefikiri usiku kucha nikupeleke wapi ambako bado utakuwa Amira. Sikupaona."

"Tutapatafuta."

"Kwa kitu gani?" Alizielekezea mkono zile picha zilizolala ndani ya pikapu, nusu yake rangi imechuruzika. "Kwa hizi? Ningekuwa nimeuza hata tatu mwaka huu, ningekuja kwa baba yako na miguu yangu nikae mkekani, anifukuze kwa heshima, nirudi tena, anifukuze tena, mpaka achoke. Mtu mwenye kazi anaweza kufukuzwa mara nyingi. Mimi sina cha kusimamia."

"Mimi sikukuuliza kazi."

"Najua. Wewe umenisamehe. Mimi ndiye nitakayekuwa naishi na yule mtu. Kila siku tutakapokosa unga nitakutazama, nitajiuliza nitakuuza tena kwa kiasi gani."

Amira alimwambia asiseme hivyo. Akaja karibu, karibu kuliko walivyowahi kusimama mchana mbele za watu, akaushika mkono wake wenye rangi, na Theophil akauacha ushikwe. Hakuubana wala hakuuondoa. Waliobaki uwanjani, wafungaji turubai na wauza maji, waliona, na hakuna aliyesema kitu. Amira aliyetaka ajulikane alijulikana sasa, na haikusaidia lolote.

"Nikuulize," alisema mwishowe. "Pesa ya baba umeifanyia nini?"

Theophil alifumba macho. "Nimelikodi gari hili."

Hapo ndipo Amira alipouachia ule mkono. Hakuuachia kwa hasira. Aliuweka juu ya goti la mwenyewe, polepole, kama mtu anavyomlaza mtoto aliyepata usingizi. Dereva alikuwa anarudi, akijichokonoa meno, akamuuliza Theophil kama wako tayari, maana mlima ule ukipandwa jioni una ukungu. Theophil akasema wako tayari. Alitaka kusema lingine, midomo yake ikafunguka. Amira alimtangulia, akamtakia safari njema na kumwomba amfikishie mama yake shikamoo.

"Atauliza inatoka kwa nani," Theophil alisema.

"Mwambie kwa mtu wa dukani."

Hakusubiri gari liondoke. Alirudi kwa njia ya soko, akamshukuru jirani wa viatu, akakaa nyuma ya meza ya kupimia mpaka wakati wa kufunga. Wateja walisema baadaye kwamba siku ile alikuwa mchangamfu kuliko kawaida, akawachekesha, akawafungia vizuri. Alipofunga, alitembea mpaka nyumbani, akampa baba yake funguo barazani, naye akazipokea akamwambia ahsante, mwanangu, akabaki anamtazama usoni kwa muda, kwa bidii, kama mtu anayejifunza kusoma. Amira alimpa tabasamu na kuingia ndani.

Mama Shomari alikuwa jikoni akimenya ndizi. Amira alivua viatu, akaketi kwenye mkeka karibu naye.

"Mama," alisema. "Waambieni watu wa Kondoa waje."

Tangu mwaka uliopita Mama Shomari alikuwa ameliomba neno lile katika kila sala. Alikuwa ameshapanga hata nani atapiga kigelegele cha kwanza, na nani ataitwa kutoka Sigino kuja kupika. Sasa alikuwa amelisikia. Kisu kilikaa katikati ya ganda na hakikuendelea. Aliyatazama macho ya binti yake, yale makubwa yasiyojua kuficha, akaona kwamba yamekwisha kujifunza.

Aliweka kisu chini. Akapangusa mikono yake kwenye kanga, akamvuta, akamlaza kichwa mapajani kama alivyokuwa akimlaza alipokuwa na homa, na hakupiga kigelegele.